Mtoto Hakijui Kiswahili Bado

Kila mwaka, mtihani wa darasa la saba unapomalizika mwezi wa Septemba na watoto wakarudi majumbani kungoja kidato cha kwanza kinachofunguliwa Januari, mimi huwaandikia wanafunzi wangu hapa Tanga karatasi yenye majina ya vitabu sita vya kusoma katika likizo ile ndefu, na kila mwaka karatasi ile hurudi, ikiletwa na mzazi mmoja au wawili, watu waungwana wenye kuwapenda watoto wao, ambao baada ya salamu na kuulizana hali huniambia maneno yale yale: "Mwalimu, hivi vyote ni vya Kiswahili, na Kiswahili mtoto anakijua tayari. Tupe vya Kiingereza."

Mzazi asemaye hivyo si mjinga wala hana nia mbaya. Anajua kwamba mwanawe, aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka 7, atakaa Januari mbele ya vitabu vya baiolojia na jiografia vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na khofu hiyo ni ya haki. Lakini dhana aliyoijengea khofu yake, kwamba mtoto wa miaka 13 amekwisha kuhitimu Kiswahili kwa kuwa hukisema tangu alipoacha ziwa la mamaye, ni dhana batili. Madhara yake nimeyaona darasani, na maadamu nina chaki mkononi sitaacha kuipinga.

Kiswahili akijuacho mtoto wetu ni cha kununua na kurudisha chenji, cha kushangilia mpira, cha kuitana barabarani na kutupiana maneno ya mzaha. Ni Kiswahili kizuri, chenye uhai, nami sikitukani. Lakini mpe sentensi iliyoanza mstari wa kwanza ikaweka nia yake, ikapita katika sharti na udhuru na mfano, ndipo ikalipa deni lake mstari wa tano, nawe umwulize nani amefanya nini na kwa sababu gani: aghalabu atakujibu kwa mstari wa mwisho tu, kwa kuwa ya mwanzo yamekwisha kumtoka. Mtoto huyu hakosi akili, hakupata kuzoezwa.

Mwaka mmoja nilimpa binti mmoja Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952. Mwandishi yule alizaliwa Vibambani, Machui, si mbali na mji wetu, na bado wapo watoto wa Tanga wanaolijua jina lake kwa sababu ya swali la mtihani na hawajafungua hata ukurasa wake mmoja. Hadithi yenyewe ina liwali mwadilifu ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili kisha akawalisha kwa mkono wake mwenyewe, na manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa ubaya waliomtendea. Binti akarudi baada ya siku nne na daftari lenye maneno 31 asiyoyajua, yeye ambaye nyumbani kwao walisema Kiswahili anakijua. Lakini mbele ya maneno mawili palikuwa na maelezo tayari. Alikuwa amemwuliza bibi yake, aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, kama hasidi na mwivu si mtu mmoja, na bibi akasimamisha mkono, akamjibu: "Mwivu, mjukuu wangu, akikuona na kanga mpya hutaka naye apate kama yako. Hasidi hutaka yako iungue, hata kama yeye atabaki na iliyotatuka." Binti ameyaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Nimesomesha miaka mingi, na sijapata kueleza tofauti hiyo kwa uzuri wa namna ile. Bibi alikuwa nayo siku zote. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza mpaka kitabu kilipoingia nyumbani.

Sasa niingie katika hoja ya Kiingereza, maana ndiyo yenye uzito. Kusoma ni ustadi, kama kushona au kuendesha chombo, na ustadi huo mtu hujifunza mara moja kisha akauchukua kila aendako: kushika uzi wa habari kurasa mia, kukisia maana ya neno geni kwa kutazama majirani zake, kurudi nyuma pale fahamu ilipokatika, kumshuku msimulizi. Mtoto asiyepata kumaliza hata kitabu kimoja kwa lugha anayolilia, atajifunzia wapi mambo hayo kwa lugha ambayo kila neno lake la tatu ni ukuta? Humshurutishi mtoto kujifunza kuogelea siku ile ile mashua inapozama. Na katika yale masomo ya kulipia ya kujiandaa na kidato cha kwanza nimewaona watoto wakinakili vitenzi vya Kiingereza safu kwa safu, vitenzi visivyofungamana na kisa chochote, na Januari vitenzi vile vimekwisha kutawanyika kama mchele uliomwagwa mchangani. Mwalimu Nyerere alikijua Kiingereza kwa kiasi cha kumfasiri Shakespeare, tafsiri yake ya Julius Caesar ikitoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na asomaye tafsiri zile ataona mara moja kwamba kazi hiyo ilihitaji Kiswahili kipana, kwani mwenye Kiswahili cha sokoni tu asingepata pa kuyaweka maneno ya Shakespeare.

Wengine husema vitabu vya rika hilo havipo. Vipo. Apendaye mafumbo na amsome Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake na rafikiye Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale, ulioshinda shindano la hadithi la mwaka 1957 hadi 1958 na kuchapishwa mwaka 1960. Mtoto wa Tanga hasa asikose Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, kwani Kongowea Mswahili ni kijana wa hapa hapa, mwana wa mwimbaji wa taarabu, aliyevuka kwenda Kenya kumtafuta babaye. Msichana mwenye sauti na mwenye kuonewa kwa umaskini wao nitampa Wasifu wa Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyefika Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zake katika santuri. Kusadikika nawawekea wale wenye subira, wamsikilize Karama akijitetea siku baada ya siku mbele ya baraza lililotaka kumhukumu. Na wote huwanakilia kurasa chache za Selim bin Abakari, Mngazija aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 na kuyaandika aliyoyaona kwa Kiswahili, yakachapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Kitabu hicho dukani sijakiona, lakini nataka mtoto ajue kwamba lugha yake ilikwisha kuisimulia Siberia kabla babu yake hajazaliwa.

Lawama ya mwisho naielekeza kwetu walimu na kwa wauza vitabu. Ingia duka la vitabu uone: rafu zimejaa mitihani iliyopita na majibu yake, na hadithi zimebanwa pembeni zikishika vumbi. Tumewafundisha watoto kwamba kitabu ni kitu cha kujibia maswali, kisha tunastaajabu kwamba mtihani ukiisha nao hukiweka chini.

Mzazi mwenzangu, sikukatazi kumlipia mwanao masomo ya Kiingereza. Nakuomba, katika miezi hii kati ya Septemba na Januari, umnunulie au umwazimie maktaba kitabu kimoja cha Kiswahili, umpe siku zake akimalize, na jioni, kabla hujawasha televisheni, umwambie akusimulie alipofika.