Mtoto akizinduka, kazi haijaisha

Mtoto aliyefikishwa Hospitali ya Magunga, Korogwe, akiwa hajitambui kwa malaria, akifumbua macho na kuomba uji huhesabiwa kuwa amepona. Mama hupewa dawa za kumalizia nyumbani, kisha familia hupanda gari kurudi Mombo, au kijiji chochote cha bondeni kando ya mashamba ya mpunga na mkonge. Kwenye daftari la wodi huo ni ushindi, na ni ushindi wa kweli, ila ni wa nusu. Malaria iliyomfanya mtoto apoteze fahamu imeugusa ubongo wake, na madhara yake yanaweza kuchelewa kuonekana hadi atakapokaa darasani. Ndiyo maana nasema kila mtoto aliyenusurika malaria ya ubongo afuatiliwe na zahanati yake mpaka ithibitike kwamba anasikia, anatembea, anazungumza na anajifunza sawasawa na wenzake.

Tuangalie ugonjwa wenyewe. Vimelea vya Plasmodium falciparum huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya damu kichwani. Damu hupita kwa shida, na ubongo hauna akiba ya kutosha kuvumilia hali hiyo. Kwa mtu mzima, ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni; ubongo wa mtoto unaokua hudai sehemu kubwa zaidi ya chakula cha mwili. Sukari ikishuka, au degedege ikimshika mtoto bila kumwachia, seli za neva huumia. Mwaka 2015 watafiti waliowapiga picha za ubongo watoto wenye malaria ya ubongo huko Blantyre, Malawi, walieleza kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Fuvu halitanuki, kwa hiyo ubongo uliovimba huligandamiza shina lake, sehemu inayoongoza kupumua, na pumzi hukatika.

Picha hizo zilionyesha pia kwamba wapo watoto waliovimba ubongo wakaishi. Kwao, linalobaki hutegemea sehemu iliyoumia: gamba la ubongo, ambako lugha na kuona hushughulikiwa, hipokampasi, inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu, au ubongo mdogo wa kisogoni, unaoratibu mwendo. Uganda, watoto waliotibiwa malaria ya ubongo Hospitali ya Mulago walipimwa tena baada ya miaka miwili, na takriban robo yao walikuwa na upungufu wa uwezo wa kufikiri, wakati kwa watoto wa mitaa ileile wasiougua ilikuwa kama asilimia 8. Darasani upungufu huo hauna alama usoni. Mwalimu anasema: toeni daftari, andikeni tarehe, pigeni mstari. Mtoto anatoa daftari, kisha anatulia, kwa sababu maagizo mawili yaliyofuata yameshamtoka. Ataitwa mvivu, pengine atachapwa, na hakuna atakayekumbuka zile siku mbili alizolala bila fahamu akiwa na miaka mitatu.

Wapo watakaosema malaria imepungua, hivyo tatizo litajiishia lenyewe. Ni kweli imepungua, na Korogwe ni shahidi: katika vijiji vya tambarare vilivyofuatiliwa kati ya 2003 na 2008, kiwango cha walio chini ya miaka 20 waliokutwa na vimelea kilishuka kutoka asilimia 78 hadi 13. Lakini utafiti wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba penye maambukizi mengi malaria kali huwapata zaidi watoto wachanga kwa sura ya upungufu wa damu, na penye maambukizi machache hujitokeza zaidi kwa kupoteza fahamu, tena kwa watoto wakubwa kidogo. Wagonjwa wanapungua, lakini anayeugua sana ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuguswa ubongo. Na wagonjwa wakiwa wachache, kuwafuatilia kunakuwa rahisi.

Pingamizi zito zaidi ni la uwezo. Zahanati nyingi zina wahudumu wachache, na mashine za kupiga picha za ubongo ziko mbali. Hata hivyo, ufuatiliaji ninaoutaka hauhitaji mashine. Muuguzi anaweza kumwita mtoto jina akiwa nyuma yake, kumtembeza hatua kumi, kumpa maagizo matatu kwa mfululizo, na kumuuliza mama kama degedege imerudi bila homa. Ikiwa imerudi, huenda ni kifafa, na dawa ya kifafa kama fenobabitoni ni ya bei nafuu. Mahudhurio haya yatamfaa pia mzazi aliyekuzwa akiamini kwamba degedege ni pepo wa kufukizwa kwa moshi wa kinyesi cha tembo. Mzazi huyo habadiliki kwa kukemewa. Hubadilika anapoelezwa kwa heshima kilichompata mwanawe, na safari nyingine atawahi hospitali.

Korogwe inastahili kuanza. Watoto waliolazwa Magunga na Teule, Muheza, walikuwa miongoni mwa waliothibitisha katika utafiti wa mwaka 2010 kwamba sindano ya atesuneti huokoa maisha kuliko kwinini, na Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Korogwe ilikuwa pia kituo cha majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa mwaka 2021. Watoto wa wilaya hii wameupa ulimwengu mengi. Wizara ya Afya na halmashauri ziwape ukurasa mmoja kwenye kadi ya kliniki, wenye tarehe za kurudi baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi sita na kabla ya kuanza shule, na mwalimu wa darasa la awali aonyeshwe ukurasa huo siku ya kuandikisha.