Nani Kasema Kiingereza Ndicho Kilichoiamsha India?

Kuna hadithi ambayo wasomi wetu wameimeza bila kutafuna. Inasema India ilikuwa imelala na tenzi zake za kale, Mwingereza akaja na shule, riwaya na gazeti, India ikazinduka na kuwa ya kisasa. Kilele chake ni Salman Rushdie na Arundhati Roy wakipokea tuzo ya Booker. Mwombe mwanafunzi wa fasihi akutajie waandishi watano wa India. Ni bahati ukimsikia akimtaja hata mmoja asiyeandika kwa Kiingereza.

Kiingereza kimevishwa kilemba cha ukoka, na aliyeanza kukivisha anajulikana. Tarehe 2 Februari 1835 Thomas Macaulay, mjumbe wa baraza la Gavana Mkuu, aliandika waraka akidai kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya inazidi maandiko yote ya India na Uarabuni. Katika waraka huohuo alikiri kuwa hajui Kisanskriti wala Kiarabu! Mwaka 1997 Rushdie, akihariri mkusanyiko wa maandishi ya India huru pamoja na Elizabeth West, akasema nathari ya Kiingereza ilikuwa na nguvu na uzito kuliko sehemu kubwa ya ile ya lugha nyingine za nchi hiyo. Tafsiri iliyopata nafasi kitabuni ilikuwa moja tu, ya hadithi ya Kiurdu ya Saadat Hasan Manto. Rushdie namheshimu sana, lakini hapo aliteleza.

Twende Odisha, jimbo la mashariki mwa India. Fakir Mohan Senapati alizaliwa Balasore mwaka 1843, akawa yatima angali mdogo, akasoma kwa taabu. Siku hizo Kiodia kilikuwa mashakani, na aliyekiandama kwa karibu hakuwa Mwingereza. Walikuwapo wasomi wa Kibengali waliodai kwamba Kiodia ni lahaja tu ya lugha yao, kwa hiyo kiondolewe shuleni. Senapati alikitetea kwa mashine ya kuchapia na vitabu vya shule. Kisha, kuanzia 1897, akatoa jaridani kwa mfululizo riwaya ya *Chha Mana Atha Guntha*. Jina hilo ni kipimo cha shamba, kama ekari sita na theluthi hivi.

Shamba ni la mfumaji Bhagia na mkewe Saria, na mkopeshaji Ramachandra Mangaraj analitolea macho mpaka analipata kwa hila. Lakini utamu wa kitabu umo katika sauti ya msimulizi, anayejifanya wakili wa tajiri. Anatuhakikishia kwamba Mangaraj ni mcha Mungu asiyeonja kitu siku ya mfungo. Mara anadokeza, kama vile ulimi umemponyoka, habari za maziwa na ndizi zilizoandaliwa usiku chumbani, na chombo kilichokutwa kitupu asubuhi. Akifika kwenye bwawa la kijiji anatuonyesha ndege. Nyangenyange wanavuruga tope kutwa kutafuta visamaki viwili vitatu. Mdiria wanatoka mbali, wanapiga mbizi mara moja, wanashiba, wanakwenda zao. Mdiria ni nani, msomaji wa Odisha hakuwa na haja ya kuuliza. Humohumo anawachokoza vijana wa shule za kizungu, wanaokariri ukoo wa wafalme wa Uingereza na kumsahau baba wa babu yao.

Msimulizi usiyeweza kumwamini, dini iliyogeuzwa pazia la wizi, mkoloni anayechekwa mbele ya macho yake: kama huo si usasa, basi neno hilo halina kazi. Na kejeli ile ni ya barazani, ya watu wa vijijini wanaojua kumsengenya tajiri huku wakimsifu.

Sisemi Mwingereza hakuleta kitu. Riwaya kama umbo ilitoka ng'ambo, na mashine ya kuchapia pia, ingawa iliyotangulia kutua Goa mwaka 1556 ililetwa na Wareno. Mwandishi wa Bengali, Bankim Chandra Chattopadhyay, alianza kwa riwaya ya Kiingereza, *Rajmohan's Wife*, mwaka 1864. Mwaka uliofuata alitoa *Durgeshnandini* kwa Kibengali, na huko ndiko alikojengea jina lake. Umbo alilichukua, lugha akawaachia wenyewe.

Ubaya ni kwamba hadithi hii ya India kuamshwa na Mwingereza ina wateja wengine. Wahafidhina wa India wakisikia mtu anakosoa matabaka au ubabe wa wanaume, husema hayo ni maradhi ya Magharibi. Ni Macaulay yuleyule, amevaa dhoti! Washairi Basava na Akka Mahadevi walikuwa wakiyasuta matabaka na ibada za kujionyesha kwa Kikannada tangu karne ya 12. Tarabai Shinde aliwakaripia wanaume kwa Kimarathi mwaka 1882. Mwaka 2015 Perumal Murugan, anayeandika kwa Kitamil, aliandamwa mpaka akatangaza kwamba mwandishi ndani yake amekufa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Madras ikamtetea.

Sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kuwa wa kwanza kuinusa hila hii. Mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwaka 1962 uliwaita wanaoandika kwa Kiingereza, na Shaaban Robert, pamoja na vitabu vyake vyote, hakuwa na kiti.

Leo Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi ya India, hutoa tuzo katika lugha 24. Katika sensa ya 2011 waliotaja Kiingereza kuwa lugha yao ya kwanza walikuwa takriban 260,000, katika nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Walimu wa vyuo vyetu, kama orodha yenu ina waandishi wa Kiingereza peke yao, msiiite fasihi ya India. Badilisheni jina la somo, au mtieni Senapati, Premchand wa Kihindi na Banu Mushtaq wa Kikannada. Tafsiri za kuanzia zipo.