Usalama wa Majini Haufundishwi kwa Chaki

Ndugu walimu-wanafunzi, tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, 19 wakafariki. Waliotangulia kuokoa ni wavuvi. Mwalimu wa Kashai hana budi kufundisha usalama wa majini, ila nachelea atatumia chaki tu.

Tazameni wanavyofunzwa wazamiaji wa mitungi. Hukatazwa kuzuia pumzi wanapopanda, kwani hewa waliyoivuta kwenye kina cha mita 10 hutanuka maradufu wafikapo juu, ikaweza kupasua mapafu. Kanuni hiyo hukaririwa kwa dakika moja. Hofu huifuta mara moja. Kwa hiyo huizoea kwanza katika bwawa la kuogelea. Watoto wetu na waanze kuelea, maji yakiwa kiunoni. Nanyi msiojua kuogelea, jifunzeni kabla yao.