SANDUKU NI LAO, NYUMBA NI YANGU

Ndugu wafanyakazi,

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba na zamu. Leo naomba nafasi niseme habari ya sanduku dogo lenye taa za kumetameta, ambalo limetundikwa ukutani mwa nyumba nyingi za wanachama. Hilo ni ruta ya intaneti. Msinicheke. Mkisoma mpaka mwisho mtaona ya kuwa shauri hili ni lile lile la siku zote: ni nani mwenye amri ndani ya nyumba ya mfanyakazi?

Kwanza kisa changu. Mwaka jana niliingiza intaneti ya waya nyumbani. Mke wangu hushona sare za shule na hupokea maagizo kwa simu. Mtoto wetu mkubwa yuko katika chuo cha ufundi, na nusu ya masomo yake yamo kwenye intaneti. Kampuni, ambayo sitaitaja jina, ilileta waya na visanduku viwili. Kimoja hupokea mwanga unaokuja katika waya na kuugeuza uwe umeme. Cha pili ni ruta, ambayo hugawa intaneti kwa simu na kompyuta za nyumbani. Nikatia sahihi karatasi nisiyoisoma vizuri. Kosa hilo ni langu.

Mwezi wa nane ruta ikafa. Kisanduku cha mwanga kilikuwa kizima, taa yake ya kijani ikiwaka. Waya ulikuwa mzima. Pesa za mwezi nilikuwa nimekwisha kulipa. Nikanunua ruta mpya dukani kwa shilingi elfu chache, nikamwita kijana wa jirani ambaye ni fundi, akaichomeka. Haikufanya kazi. Fundi akasema, “Ndugu, laini hii ina jina lake na neno lake la siri, na hayo yamo ndani ya ruta ile iliyokufa. Waulize kampuni wakupe.”

Nikawapigia. Karani akanijibu ya kuwa maneno hayo hapewi mteja. Ningoje, ruta yao italetwa. Nikangoja siku kumi na moja! Ruta yangu mpya iko mezani, intaneti niliyoilipia iko mlangoni, na katikati pana neno moja la siri ambalo mlipaji hakubaliwi kulijua. Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Maagizo ya sare yaliyokuwa yaje kwa mke wangu yalikwenda kwa mshonaji mwingine, na mpaka leo wateja wale hawajarudi. Kampuni haikunirudishia hata senti ya siku zile kumi na moja.

Haikuishia hapo. Ruta yao mpya ilipofika, nilibadilisha neno la siri la waifai, maana lile la kiwandani limeandikwa chini ya sanduku, na kila mgeni huweza kuligeuza akalisoma. Baada ya majuma mawili neno langu likawa limefutika na lile la kiwandani limerudi. Nikapiga simu tena. Karani akasema kwa upole, “Kaka, tulitengeneza ruta yako kutoka huku. Naona vyombo sita vimeshika, na kimoja kinaitwa televisheni ya sebuleni.”

Ndugu zangu, niliposikia maneno hayo nilikaa kimya. Mtu ambaye sijamwona na macho yangu, aliyeketi katika ofisi nisiyoijua, anahesabu vyombo vya nyumba yangu. Wala hakuwa mtu mbaya, alikuwa akifanya kazi aliyopewa. Ubaya ni ya kuwa ana ufunguo, nami sina.

Wazee wetu waliokaa katika landhi za reli walijua vizuri jambo hili. Nyumba ilikuwa ya mwajiri. Siku kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha. Sisi wana wao tumepigania nyumba zetu wenyewe, tukalipa kodi zetu na kununua makufuli yetu, kisha tumefungua mlango na kupokea kufuli la mtu mwingine kwa sababu tuliambiwa ni la bure. Esau aliuza haki yake kwa sahani ya dengu. Sisi tunaitoa kwa sanduku la plastiki.

Sasa tuzipime sababu za kampuni, maana si haki kumhukumu mtu bila kumsikia.

Sababu ya kwanza: “Sanduku ni bure.” Ndugu, ni lini kampuni ilikupa kitu bure? Bei yake imo ndani ya malipo ya kila mwezi, au katika karatasi inayokufunga usihame. Na ukihama wanalitaka lirudi, au ulilipe. Cha bure hakidaiwi. Hilo ni sanduku la kuazima, na wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Sababu ya pili: “Vyombo vya wateja vitaharibu mtandao wetu.” Hapa wana neno la kweli, nami nitalikubali. Waya mmoja wa mwanga hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Kila nyumba hupewa nafasi yake ya kutuma mwanga, kwa zamu. Kisanduku kimoja kibovu kikitoa mwanga nje ya zamu yake, majirani wote huharibikiwa. Sisi watu wa reli tunalifahamu jambo hili kuliko watu wengine. Hatungemruhusu abiria aguse sigino au ageuze pointi. Basi kisanduku cha mwanga na kiwe chao, wakitunze wao. Mimi sikigusi.

Lakini ruta ni kitu kingine. Ruta iko upande wa ndani, baada ya kisanduku cha mwanga. Haitoi mwanga wowote katika waya wa majirani. Kazi yake ni kugawa intaneti nyumbani, kutunza neno la siri la waifai, na kulinda lango ili wa nje wasiingie ovyo. Mwenye sigino hana ruhusa ya kuja kupanga viti vya sebule yangu.

Tazameni kazi yetu wenyewe. Behewa la Uganda huvuka Malaba likaingia katika reli yetu ya zamani, wala hatuulizi kwanza mwenyewe ni nani. Tunauliza kama upana wa magurudumu ni mita 1, kama breki ni nzima na kama viungo vinashikana. Behewa hilo hilo haliwezi kupita juu ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, kwa sababu upana wake ni milimita 1,435. Kipimo ndicho kinachoamua. Na ruta nayo iwe hivyo hivyo. Tayari chombo cha mawasiliano hutakiwa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kikiwa kimeidhinishwa na kinafuata kipimo, kampuni inakataa kwa haki gani?

Sababu ya tatu: “Ukitumia ruta yako hatutaweza kukusaidia.” Hii ni hoja ya uvivu. Wapime laini mpaka kwenye kisanduku cha mwanga. Ikiwa mwanga umefika sawasawa, wao wamemaliza kazi yao, na kasoro iliyobaki ni yangu. Ikiwa mwanga haukufika, kasoro ni yao, hata kama nina ruta ya dhahabu. Mpaka ukiwa wazi, ugomvi hupungua.

Msidhani haya ni mawazo ya mtu mmoja aliyekasirika. Huko Marekani watu walikodi simu kutoka kampuni kubwa ya simu, na kuunganisha chombo cha mtu mwingine kulikatazwa. Bwana mmoja wa Texas, Thomas Carter, alitengeneza chombo cha kuunganisha redio na simu. Kampuni ikasema kitaharibu mtandao, hoja ile ile mnayoisikia leo. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya huko iliamua ya kuwa mteja ana haki ya kutumia chombo chake maadamu hakidhuru mtandao. Mtandao haukuanguka. Na tangu Desemba 2020 sheria ya huko yakataza kampuni ya intaneti kumtoza mteja kodi ya ruta ikiwa mteja anatumia ya kwake mwenyewe.

Huko Ulaya, kanuni ya mwaka 2015 ilitambua haki ya mtu kutumia chombo anachokitaka kupata intaneti. Ujerumani ikaenda mbele zaidi. Tangu tarehe 1 Agosti 2016, kampuni haiwezi kumlazimisha mteja mpya atumie ruta yao, na ni lazima impe maneno ya kuingilia bila kuyaombea. Mambo hayo hayo niliyonyimwa mimi siku kumi na moja, mfanyakazi wa Ujerumani hupewa kwa sheria!

Na huko huko Ujerumani lilitokea jambo la kutuonya. Mwezi wa Novemba 2016 wahalifu walishambulia mlango ule ambao hutumiwa kuamrisha ruta kutoka mbali. Wateja karibu 900,000 wa kampuni moja kubwa walikatikiwa na huduma. Fikirini maana yake. Kampuni ikigawa masanduku ya namna moja, yenye mlango wa namna moja, mwizi akijifunza nyumba moja amejifunza zote.

Wengine wenu mtasema, “Wewe bwana, haya ni mambo ya matajiri. Sisi twatafuta unga.” Naomba niwajibu. Tajiri ruta yake ikifa hununua laini ya pili siku ile ile. Anayeumia ni mke wangu na cherehani yake, na mtoto wa mwenzetu ambaye mtihani wake uko kwenye intaneti. Haki ndogo ikipotea, maskini ndiye huhisi kwanza.

Lakini nisiwadanganye. Mwenye ufunguo wake ana wajibu wake. Ukinunua ruta yako, badilisha neno la siri la waifai, na pia lile la kuingilia katika mipango ya ruta yenyewe, siku hiyo hiyo. Ingiza programu mpya za ruta kila zinapotolewa, au uiamrishe ijiingizie yenyewe. Usinunue ruta kuukuu ambayo mtengenezaji amekwisha kuiacha, kwa maana ruta isiyotengenezwa tena ni mlango bila kitasa. Tena msidhani ruta yako itaificha njia yako yote. Kampuni bado itaona yapitayo katika waya wake, kama vile karani wa mizigo huona anwani juu ya kifurushi. Tunachokataa ni karani huyo kutufuata mpaka chumbani.

Na asiyetaka kazi hiyo, akapenda sanduku la kampuni, na akae nalo kwa amani. Sisemi kila mtu alazimishwe kununua. Nasema kila mtu aachiwe kuchagua.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu huduma aliyoilipia. Kifungu cha 31 chalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Jina la laini na neno lake la siri ni habari ya namna gani, kama si habari ya kumwezesha mlipaji kufaidi huduma yake?

Kwa hiyo naomba chama chetu, pamoja na vyama vingine, kipeleke madai haya kwa kampuni na kwa Mamlaka, kwa maandishi:

1. Kila mteja apewe jina la laini yake, neno la siri na mipango yote inayohitajika kuunganisha ruta yake, siku ile ile huduma inapoanza.

2. Pale ambapo kisanduku cha mwanga na ruta vimo katika sanduku moja, kampuni ikubali kulifanya sanduku hilo liwe daraja tu, lipitishe intaneti bila kuongoza nyumba.

3. Asiyetumia ruta ya kampuni asitozwe kodi wala amana yake.

4. Kampuni isibadilishe kitu chochote katika ruta ya nyumbani bila kumwarifu mteja, na imwambie mteja ni mambo gani inayoyaona.

5. Siku za kungoja kampuni ilete chombo zisihesabiwe katika malipo.

Hakuna dai hata moja hapo linalogusa waya wao, mwanga wao wala faida yao ya halali. Wamiliki njia, sisi tumiliki sebule.

Basi, ndugu, leteni visa vyenu kwa makatibu wa matawi. Andikeni siku mlizongoja, pesa mlizolipa na majibu mliyopewa. Mtu mmoja akipiga simu huambiwa asubiri. Wanachama wakiweka karatasi zao pamoja mezani, atakayesubiri ni mwingine.

Ruta yangu bado iko juu ya kabati, ndani ya karatasi yake ya dukani. Sitaiuza. Naiweka kwa siku ile.

Ni mimi mwenzenu,
Fundi wa karakana, zamu ya usiku.