Tupime Kabla ya Kukata Waya

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huu hunijia kila nionapo gari la familia limesimama kando ya barabara itokayo Malindi kuja Garsen, boneti imeinuliwa, akina mama na watoto wamejikunyata chini ya mgunga, na dereva amesimama mbele ya injini ameshika kiuno. Aghalabu injini yenyewe haina neno. Kilichokufa ni umeme, na mara nyingi umeuawa na mikono yetu wenyewe.

Usiku mmoja nilikuwa abiria katika gari la aina hiyo, lililonunuliwa kwa mchango wa ndugu watatu. Tulipokaribia njia panda ya Minjila, taa za mbele zilizimika ghafla na harufu ya mpira unaoungua ikajaa ndani. Tuliwashusha watoto gizani, na dereva akauchomoa waya wa betri upesi. Mapambazuko yalipofika tulifungua kisanduku cha fyuzi. Mahali pa fyuzi ya taa palikuwa na kipande cha waya wa shaba uliosokotwa. Fundi aliyeuweka hakuwa na nia mbaya. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila wiki, naye akaona kwamba dawa ni kuweka kitu kisichokatika.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu kwa walimu na wanafunzi. Fyuzi si adui wa dereva, bali ni mlinzi aliyekubali kufa ili nyumba isiungue. Anapokufa kila wiki, swali la busara ni nani anayemuua. Kumweka mahali pake mlinzi asiyekufa ni sawa na kumnyamazisha mbwa abwekaye huku mwizi yumo uani.

Magari haya hutujia kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, kwa hiyo mengi huwasili yakikaribia kikomo hicho. Vijitabu vyake vimeandikwa kwa Kijapani. Redio zake nyingi zimetengenezwa kwa masafa ya FM ya nchini mwao, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa kati ya 76 na 90, ilhali vituo vyetu vingi viko juu ya hapo hadi 108. Basi jambo la kwanza analotaka mwenye gari ni redio nyingine. Halafu hutaka taa kali za kumulikia wanyama barabarani usiku, spika kubwa, na pahali pa kuchajia simu. Matakwa haya si dhambi. Dhambi ni kuyatimiza kwa kukata waya wowote ulio karibu na kuufunga kwa utepe.

Hebu tuitazame hesabu ambayo mwanafunzi wa fizikia anaijua tayari. Taa mbili za wati 55 kila moja hutumia jumla ya wati 110. Ukigawanya kwa volti 12 utapata mkondo wa takriban ampia 9, na fyuzi ya ampia 15 huubeba bila taabu. Sasa weka taa mbili za wati 100. Mkondo unapanda hadi karibu ampia 17, na fyuzi ile itakatika, kama ilivyo haki yake. Isitoshe, joto katika waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Waya uleule mwembamba sasa unapata joto zaidi ya mara tatu ya lile la awali. Ukiondoa fyuzi na kuweka shaba, umeuambia waya uwe fyuzi, nao utatii kwa kuungua.

Njia iliyo salama haina fumbo. Taa kubwa huvutiwa waya mnene wa peke yake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake karibu na betri hiyo, na mkondo wake huwashwa kupitia rilei. Swichi ya dereva hubaki na kazi ndogo ya kuiamrisha rilei, wala haibebi mzigo wote.

Maradhi mengine hayatokani na tamaa ya taa kali, bali na mazingira yetu. Tana ni mto unaofurika. Mwezi Novemba 2023, na tena katika masika ya 2024, maji yalifunika mashamba, makazi na barabara katika nchi hii ya delta. Gari lililopita majini huonekana zima siku hiyo. Miezi baadaye viungio vya nyaya huota ukoga wa kijani, na waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi hushikwa na kutu. Ndipo taa hufifia, starta hugoma, na mwenye gari huambiwa anunue betri mpya. Betri mpya nayo hushindwa, akaambiwa anunue altaneta. Fedha za karo huishia dukani, na kutu iko palepale.

Mwenye mtumbwi wa Tana haingii maji asiyoyajua kwa kubahatisha. Huchovya upondo, akapima kina, ndipo akapita. Upondo wa fundi wa umeme ni multimita, chombo cha bei nafuu kuliko betri moja. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, kipimo huwa baina ya 13.5 na 14.5. Kikibaki chini ya 13, shuku altaneta, mkanda wake au nyaya zake. Ikiwa betri hufa gari likiwa limelala tu, pima mkondo unaovuja baada ya kila kitu kuzimwa na gari kutulia. Nusu ya ampia yaonekana haba, lakini betri ya ampia-saa 40 itamalizwa nayo kwa saa 80, yaani siku tatu na ushei. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine, na ile itakayoushusha mkondo ndiyo itakayokuonyesha njia ya mwizi.

Yamkini wapo watakaosema kwamba ninawanyang'anya mafundi riziki. La hasha! Fundi anayepima hurudiwa na wateja, na anayebahatisha hukimbiwa. Wengine watasema umeme si wa kuchezewa na wanafunzi. Hao nawaunga mkono kwa sehemu: waya wa hasi wa betri ung'olewe kwanza kabla ya kushika nyingine, na katika magari yanayotumia petroli pamoja na umeme, nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe kabisa na asiyefunzwa, kwani huweza kubeba volti zaidi ya 200. Lakini hofu isiyo na elimu haijamwokoa mtu. Waliofunga waya wa shaba lile gari letu walikuwa watu wazima.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Naiomba serikali ya kaunti ya Tana River ihakikishe kwamba kila chuo chake kina multimita za kutosha, na kwamba hazifungiwi kabatini zikisubiri mgeni. Nanyi walimu wa fizikia, msiiache kanuni ya Ohm ubaoni. Siku moja katika muhula, liombeni gari la mzazi, mliegeshe chini ya mwembe, na kila mwanafunzi asome kipimo kwa macho yake na kukiandika.

Mtoto aliyekwisha kuona volti 12.6 kwa macho yake hatakubali kuelezwa upuuzi gerejini. Na siku atakapouona waya wa shaba mahali pa fyuzi katika gari la baba yake, atauchomoa kabla jua halijatua.