Mjakazi wa Penelope: Maoni Kuhusu Riwaya Zinazosimulia Upya Visasili vya Kigiriki

Katika miongo ya karibuni riwaya zinazosimulia upya visasili vya Ugiriki ya Kale zimeongezeka, na nyingi kati ya zile mashuhuri zimeandikwa na wanawake. Mjerumani Christa Wolf alitoa Kassandra mwaka 1983 na Medea mwaka 1996. Margaret Atwood wa Kanada akatoa The Penelopiad mwaka 2005. Na mwaka 2018 zikatoka The Silence of the Girls ya Pat Barker wa Uingereza na Circe ya Madeline Miller wa Marekani. Kauli ambayo aghalabu hutolewa juu ya riwaya hizi ni kwamba zinampa sauti mwanamke aliyenyamazishwa. Makala haya yanashikilia kwamba kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo inayopaswa kumshughulisha mhakiki.

Tuanze kwa kuondoa pingamizi la wale wanaoona kuwa kusimulia upya ni kuharibu. Visasili vya Kigiriki havikuwahi kuwa na nakala moja isiyoguswa. Medea anayewaua wanawe kwa mkono wake tunamfahamu hasa kutokana na tamthilia ya Euripides iliyoigizwa Athens mwaka 431 K.K., ilhali yapo mapokeo mengine ya kale yanayosema kuwa watoto hao waliuawa na Wakorintho. Wolf alipoyafuata mapokeo haya ya pili hakuzua jambo, alichagua. Kwa hiyo suala si kama mwandishi ana haki ya kubadili, bali ni nani anayenufaika na badiliko hilo.

Kipimo ninachokipendekeza kinatoka katika kitabu cha 22 cha Odyssey. Odysseus, akiisha kuwaua wachumba waliokuwa wakimposa mkewe, anamwuliza mlezi wake Eurycleia ni wanawake gani wa nyumbani waliokosa uaminifu. Anajibiwa kuwa kati ya hamsini, kumi na wawili. Hao wanalazimishwa kuzitoa maiti na kuosha meza na viti vilivyotapakaa damu. Kisha Telemachus anawanyonga kwa kamba ya jahazi, na mshairi anawafananisha na ndege walionaswa wavuni. Tukio lote huchukua beti chache tu. Penelope wakati huo amelala.

Katika tafsiri nyingi za Kiingereza wanawake hawa wameitwa kwa majina yanayomaanisha watumishi wa nyumbani tu, kana kwamba wangeweza kuacha kazi wakaenda zao. Emily Wilson, katika tafsiri yake ya mwaka 2017, alisisitiza kuwa walikuwa watumwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kusubiri masahihisho hayo, kwani lugha yake, kutokana na historia chungu ya pwani yetu, inatenganisha mtumishi na mjakazi. Inalo pia neno suria, ambalo linamkaribia sana Briseis wa Iliad, mateka aliyegawiwa Achilles kama ngawira, ijapokuwa sheria za jamii hizo mbili hazikuwa sawa. Mfasiri atakayeandika "mtumishi" mahali pa "mjakazi" atakuwa ameificha kamba kabla haijafungwa.

Tukizipima riwaya zetu kwa mjakazi badala ya malkia, tofauti zinajitokeza. Atwood anampa Penelope nafsi ya kwanza, akisimulia kutoka kuzimu, lakini hamwachii uwanja peke yake. Wajakazi kumi na wawili wanamkatiza kama kiitikio cha tanzia: kwa nyimbo, kwa igizo, hata kwa kesi mahakamani. Tunafahamishwa kwamba ni Penelope mwenyewe aliyewatuma wajifanye marafiki wa wachumba ili wampelelezee, na kwamba baada ya wao kuuawa alinyamaza kwa kujihofia. Huko kuzimu wanamkimbia. Hapa aliyepewa sauti anatakiwa pia kutoa hesabu.

Miller, kwa upande wake, anamwachia Circe usimulizi wote. Ni kazi yenye mvuto, na Circe hajifichi hatia yake ya kumgeuza Scylla kuwa dubwana. Hata hivyo, mabinti wa miungu wanaopelekwa kisiwani kwake ili waadhibiwe wanabaki kuwa kero kwa msimulizi, na hakuna mwanya unaowaruhusu kusema wanavyomwona yeye. Barker anatambua tatizo hili: Briseis wake, malkia aliyegeuzwa mtumwa, anajua kuwa hata anaposema bado yumo ndani ya hadithi ya Achilles. Wolf naye anaigawa Medea kwa wasimulizi sita, wakiwemo wanaomchukia shujaa huyo.

Itadaiwa kwamba riwaya haiwezi kumsemea kila mtu, na kwamba nafsi ya kwanza kwa kawaida yake hubagua. Nakubali. Simlaumu Miller kwa kuchagua msimulizi mmoja. Ninachokipinga ni mazoea ya mhakiki kuifunga hesabu mara msimulizi huyo anapofungua kinywa. Binti wa mungu-jua, hata akiwa uhamishoni, si mnyonge kwa kiwango cha mwanamke anayeosha damu ya watu kabla ya kunyongwa. Tukiwaweka wote katika fungu moja la "wanawake walionyamazishwa", tutakuwa tumerudia, kwa istilahi mpya, upofu ule ule wa utenzi wa kale.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu juu ya riwaya hizi asikomee basi kuuliza ni nani anayesema. Aulize pia ni nani anayemtandikia msemaji kitanda, anayemsukia nguo na kumchotea maji, na kama huyo naye amepata japo sentensi moja. Jibu la swali hilo ndilo litakalotuonyesha kama kisasili kimesimuliwa upya, au kimebadilishiwa bwana tu.