ANAYEKULEA ANATAKA UBAKI AU UENDE?



Leo tuongee juu ya gemu. Najua kuna mama ambaye ameshaanza kutikisa kichwa. Mama, usipite, kaa nami dakika tano. Mwanao huketi na watu wa kwenye skrini saa nyingi kuliko anazoketi nami Jumapili, na miongoni mwa watu hao kuna wanaofundisha. Kuna mzee, kuna mjomba, kuna kiongozi wa kambi, kuna sauti inayosikika redioni. Wanamchukua mtu asiyejua lolote na kumtengeneza mpaka aweze. Kwetu tungewaita walezi.

Nimewatazama wengi nikiwa na vijana wetu, na msimamo wangu ni kwamba ukitaka kumjua mlezi, ngoja saa ya kuachana. Mafunzo yanaweza kufanana. Mlezi mwema na mlezi mbaya wote watakufundisha kupiga shabaha. Ni pale unapotaka kwenda ndipo unamwona.

Chukua The Legend of Zelda, ile ya kwanza kabisa, iliyotoka Japani mwaka 1986. Unaanza ukiwa kijana mwenye mikono mitupu, na mbele yako kuna mlango wa pango. Ukiingia unamkuta mzee amesimama katikati ya mioto miwili. Anakuonya kwamba safari ni ya hatari, anakupa upanga wa mbao, basi. Hakufuati, hakuulizi utamrudishia nini, hakwambii urudi kila wiki kuripoti. Wala hakulazimishi: unaweza kulipita lile pango ukaenda zako bila upanga, na gemu itakuacha uende. Mzee yule ana maneno machache mno, na karibu miaka 40 baadaye watu bado wanamtaja.

Sasa elewa jambo moja kuhusu gemu. Katika filamu, mwalimu anaweza kupigana vita vyote na wewe ukatazama tu. Katika gemu, pedi iko mkononi mwako. Mlezi akiwa na nguvu za kushinda kila adui, wewe utafanya nini? Utalala. Kwa hiyo watengenezaji wanalazimika kumwondoa: afe, azeeke, abaki nyuma, au akusaliti. Vijana wameshalijua hili, ndiyo maana wakimwona mzee mpole anaanza kufundisha wanaguna, wakisema huyu hafiki mwisho. Ni ujanja wa fundi, nakubali. Lakini hata Musa alibaki mlimani, na Yoshua akavuka.

Kuna gemu ya mwaka 2012 iitwayo The Walking Dead, ya kampuni ya Telltale. Ndiyo, ni ya wafu wanaotembea, na nitarudi kwenye hilo. Wewe ni Lee, mwalimu wa historia katika chuo kikuu, aliyehukumiwa kwa kuua mtu, na unaanza ukiwa nyuma ya gari la polisi ukipelekwa gerezani. Gari linapinduka, dunia imeharibika, na unamkuta msichana wa miaka minane, Clementine, amejificha kwenye kibanda juu ya mti. Wazazi wake wako mji mwingine. Basi, mfungwa anakuwa baba.

Kwa muda mrefu Lee anamlinda tu. Anamficha, anamshika mkono, anamwambia asiangalie. Ni upendo wa kweli. Halafu wakiwa kwenye treni, mzee mmoja asiye na makao, Chuck, anamwambia Lee ukweli mchungu: kwa malezi haya mtoto huyu atakufa. Mfundishe kutumia bunduki. Mkate nywele, zisije zikamponza. Na Lee anatii. Anakaa naye chini, anamwonyesha namna ya kushika silaha, kisha anachukua mkasi na kumkata nywele. Mzazi unayesoma hapa, unaijua ile huruma inayomlinda mtoto mpaka inamlemaza? Chuck alikuwa mtu wa barabarani, amekula vumbi la reli, lakini aliliona upesi kuliko sote tulioshika pedi.

Mwishoni Lee ameumwa na mmoja wa wale wafu akimtafuta mtoto, na anajua hana saa nyingi. Somo la mwisho analifundisha akiwa amekaa sakafuni, hana nguvu ya kusimama. Anamwelekeza Clementine hatua kwa hatua namna ya kutoka mle ndani, na mtoto anayafanya yote kwa mikono yake. Toleo la pili la gemu hiyo lilipotoka mwaka 2013, mchezaji alimshika Clementine mwenyewe. Katika toleo la mwisho, lililoanza mwaka 2018, yeye ndiye analea mtoto wa kiume, AJ.

Lakini mlezi aliyeninyima usingizi ni Dutch.

Gemu ni Red Dead Redemption 2, ya mwaka 2018. Hadithi iko Marekani, mwaka 1899. Dutch van der Linde ni kiongozi wa genge la wezi wanaosafiri kwa farasi na kulala kwenye mahema. Arthur Morgan ndiye wewe. Dutch na mwenzake Hosea walimchukua Arthur akiwa kijana mdogo asiye na mtu. Walimlisha, wakamfundisha kusoma na kupiga risasi, wakampa familia. Sikia hapo, kwa sababu wengi huruka: Dutch alitenda wema wa kweli. Mlezi mbaya mara nyingi hajaanza vibaya, na ndiyo maana kumwacha ni kugumu. Unamdai haki yako, na moyo unakukumbusha ule ugali wa kwanza aliokupa.

Mambo yanapoharibika, Dutch ana mpango. Siku zote ana mpango. Wizi mmoja tu wa mwisho, pesa kidogo tu zaidi, halafu watakwenda visiwa vya mbali kama Tahiti na kuishi kwa amani. Wizi huo unashindikana, watu wanakufa, na keshoye kuna mpango mwingine. Hosea, mzee pekee anayeweza kumwambia hapana, anauawa katika wizi wa benki. Baada ya hapo aliye karibu na sikio la Dutch ni Micah, mtu wa kumsifia. Arthur akiuliza swali la kawaida, Dutch anaumia. Kuuliza kumekuwa usaliti. Na neno analolidai kutoka kwa watu wake ni imani. Anataka wawe na imani naye. Mimi ni mhubiri, na nakuambia yule mwizi alilitumia neno hilo kwa namna iliyonifanya nisimamishe gemu na kunywa maji.

(Kambini kuna hata mchungaji, Swanson, mlevi na mtumwa wa dawa za kulevya. Msinicheke. Yeye anaacha ulevi na anaondoka kambini kabla mambo hayajafika mwisho, jambo ambalo wenye akili timamu walishindwa.)

Siku ya kuachana inafika. Katika shambulio kwenye kiwanda cha mafuta, Arthur amezidiwa na askari, na Dutch yuko pale. Anamwona. Halafu anageuka na kwenda zake. Miaka yote ya uaminifu, na mtu aliyemwita mwanawe anamwacha kama gunia lililotoboka. Kufikia hapo Arthur anaumwa kifua kikuu, ugonjwa alioupata akimpiga mgonjwa maskini ili alipe deni la genge. Unaona mnyororo huo? Alikwenda kudai pesa kwa ajili ya kambi, akarudi na kifo chake mwenyewe.

Ukiwa umecheza kwa wema, kuna kituo cha treni ambapo Arthur anakaa na mtawa, Sista Calderón, na mtu huyu mkubwa aliyeua wengi anakiri kwamba anaogopa. Yule mtawa hamwandikishi popote. Anamsikiliza, anamwambia maneno machache ya upendo, kisha anapanda treni yake.

Na hapo Arthur anaamua kuwa mlezi wa namna nyingine. Kuna kijana, John Marston, mwenye mke na mtoto, naye pia alilelewa na Dutch. Arthur anamwambia aondoke na familia yake na asigeuke nyuma. Anampa kofia yake na mkoba wake. Kisha anabaki milimani kuwazuia wanaofukuza. Baada ya kifo chake gemu haiishi: pedi ile ile uliyomshikia Arthur sasa unamshikia John, na kofia unaijua.

Sasa nije kwetu, maana sikuandika haya ili nikuuzie gemu. Sisi Wapentekoste tunapenda neno "baba wa kiroho", na ni neno zuri. Ninao walionilea na ninawaheshimu. Lakini kuna ulezi umeingia kati yetu ambao Dutch angejisikia nyumbani. Kijana hawezi kuoa bila ruhusa, hawezi kubadilisha kazi, hawezi kuhamia mji mwingine akaabudu kwingine bila kuambiwa kwamba amejiondoa kwenye mwavuli na atalaaniwa. Kila mwaka kuna mbegu moja ya mwisho kabla ya mlango kufunguka. Mzee wa kanisa aliyekuwa akiuliza maswali hayupo tena, na hakuna anayetaja alikokwenda.

Na si wote watakuja na sauti kali. Katika BioShock, gemu ya mwaka 2007, umepotea katika mji uliojengwa chini ya bahari, na mwanamume aitwaye Atlas anakuongoza kwa redio. Ni mpole sana. Anakuomba kwa adabu, na wewe unafanya kila anachoomba, kwa kuwa gemu ndivyo zinavyochezwa. Katikati ya hadithi unagundua kwamba maneno yale ya adabu yalikuwa kamba. Ulitengenezwa tangu utoto uyatii, na familia aliyokuomba umwokolee haikuwahi kuwapo. Sisi Wakenya tunajua jambo hili linaweza kufika wapi. Msituni Shakahola, Kilifi, kuanzia mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Kesi ziko mahakamani, na mimi si hakimu.

Mzee Eli alikuwa na makosa yake, tena makubwa. Lakini usiku ule mtoto Samweli alipomjia mara tatu, hakumwambia aje alale miguuni pake. Alimrudisha kitandani asikie mwenyewe. Asubuhi alimuuliza aliambiwa nini, na akapokea jibu ambalo lilikuwa hukumu juu ya nyumba yake.

Wazazi, gemu hizi tatu, ya Lee, ya Arthur na BioShock, Ulaya zimepewa alama ya miaka 18, kwa sababu ya damu, matusi na mengineyo. Mtoto wa darasa la tano asiziguse. Huyo wa miaka 20 aliye chumbani mwako, gonga mlango, ukae pembeni, umuulize: huyu anayekufundisha hapa, unamwamini? Utashangaa kijana asiyezungumza mezani anavyoweza kuongea.

Na nyinyi vijana mnaonitumia ujumbe usiku kuniambia nimemsahau The Boss wa Metal Gear Solid 3, sijamsahau. Nimemwacha makusudi. Ijumaa saa kumi na mbili jioni tukikutana, mmoja wenu asimame atueleze kwa nini gemu ile ilimlazimisha abonyeze kitufe mwenyewe, na alijisikiaje. Njooni mapema, chai itakuwepo.